Mbegu Hazijaota? Fukua Moja Kwanza

Siku ya 7 asubuhi. Vikombe 30 vimepangwa dirishani. 22 vina majani, 8 vina udongo mtupu. Mbele ya kimojawapo kati ya hivyo 8 amesimama mtoto aliyemwagilia kwa uaminifu tangu siku ya kwanza, na macho yake yako kwako.

Mwalimu mwenzangu, hapo ndipo wengi wetu hukosea. Ama tunaongeza maji, ama tunangoja watoto watoke kisha tunachomeka kwenye kikombe kile mche kutoka kwingine, ili kesho mwenyewe afurahi. Nimeyafanya yote mawili katika miaka yangu ya mwanzo. Sasa nachukua kijiko. Kikombe ambacho hakikuota kina jibu ndani yake, sentimita 3 tu chini ya udongo, na tukikizika au kukibadilisha kimyakimya tunawanyima watoto somo la sayansi lililo bora kuliko yale 22 ya kijani. Fukueni mbegu moja, iwekeni kwenye karatasi nyeupe, kila mtu aione na kuinusa. Mwongozo huu unafuata kile mtakachokiona.

Kabla ya kijiko, hesabu siku

Maharagwe na kunde, udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hivi, hutoa mzizi ndani ya siku 2 hadi 4, na huvunja udongo kati ya siku ya 5 na ya 8. Mahindi huenda nayo sambamba. Figili huota siku ya 3 hadi ya 5. Nyanya huchukua siku 6 hadi 10, pilipili hoho wiki 2 na wakati mwingine 3. Mapapai yanaweza kukaa wiki kadhaa bila dalili yoyote, ndiyo maana siyapendekezi kwa darasa lenye muhula mfupi.

Uliza pia mbegu zilitoka wapi. Mbegu iliyopasuliwa vipande viwili na kumenywa kwa ajili ya kupikwa haioti, kwa sababu kiinitete, ule mmea mchanga uliolala ndani ya mbegu, kimevunjika au kimebaki upande mmoja. Iliyokaangwa au kuchemshwa imekufa. Na kama mbegu ina rangi ya ajabu ya waridi, buluu au kijani iliyopakwa juu, imetiwa dawa ya kuua kuvu na wadudu. Hiyo isiguswe na mtoto hata kidogo. Irudishe ilikotoka, unawe mikono.

Mbegu ni kavu na ngumu kama siku ilipopandwa

Haijanywa maji. Mara nyingi sababu ni mwagiliaji mwenye huruma: kijiko kimoja kila asubuhi. Uso wa udongo unang'aa kwa unyevu, lakini sentimita 2 chini ni vumbi. Chomeka kijiti kikavu mpaka chini ya kikombe, kikitoka kikavu umepata jibu. Mboji iliyokauka sana ina tabia mbaya zaidi, kwani hukataa maji. Ukimimina, yanateremka kandokando ya kikombe na kutokea tunduni huku katikati pakiwa pakavu. Dawa yake ni kuviweka vikombe kwenye sinia lenye maji kwa nusu saa vinywe kutoka chini.

Kama udongo una unyevu wa kutosha na mbegu bado ni ngumu, tatizo ni ganda. Mbegu za miti ya jamii ya kunde, migunga kwa mfano, zina ganda lisilopitisha maji. Sugua upande mmoja kwa msasa, mbali na lile kovu dogo mbegu ilipokuwa imeshikilia kwenye ganda la tunda, mpaka uone rangi tofauti ya ndani, kisha iloweke usiku kucha.

Watoto wakiwa na mizani, hapa pana kipimo kizuri. Pimeni maharagwe 20 makavu, yalowekeni kuanzia jioni, yapimeni tena asubuhi. Uzito unakaribia kuwa mara mbili. Baada ya hapo hakuna atakayekuuliza kwa nini mbegu inahitaji maji. Ila msizidishe: saa 8 hadi 12 zinatosha. Haragwe likikaa majini zaidi ya siku nzima huanza kukosa hewa.

Imevimba, imara, haina harufu

Hii iko hai. Irudishe pole pole ulikoitoa. Imekunywa maji na inangoja jambo moja, nalo mara nyingi ni joto. Maharagwe na mahindi karibu husimama kabisa joto la udongo likishuka chini ya nyuzi 10, na kati ya 10 na 15 hujivuta kwa uchungu. Wewe unalijua darasa la saa 4 asubuhi likiwa na watoto 40 ndani. Mbegu inalijua pia darasa la saa 10 usiku, dirisha likiwa baridi kama bati. Chomeka kipimajoto udongoni ufikapo asubuhi, kabla ya kufungua chochote. Kuvihamishia vikombe kwenye kabati la ndani kwa siku 3 mara nyingi kunatosha, mradi virudi kwenye mwanga siku ileile chipukizi la kwanza litakapoonekana.

Saladi ni kinyume chake. Joto likipita nyuzi 30 hugoma, na nyingi huhitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo ukizifukia ndani unazifungia. Zinyunyize juu ya udongo, bonyeza kwa kiganja, basi.

Ni laini, ina ute, inanuka

Imekufa. Lakini ilikufa lini? Hili ndilo swali la kuwapa wapelelezi wako.

Uwezekano wa kwanza ni kwamba ilizama. Kiinitete kinapumua, kinachoma akiba ya chakula chake kwa oksijeni kama sisi, na oksijeni husafiri katika maji polepole kuliko hewani kwa takriban mara 10,000. Udongo uliojaa maji ni chumba kilichozibwa madirisha. Harufu ile ni kazi ya bakteria wanaostawi pasipo oksijeni. Geuza kikombe uangalie chini: je, kina matundu? Je, matundu yameziba? Matundu 3 au 4 ya upana wa penseli yanatosha. Kisha wafundishe watoto kumwagilia kwa mkono na si kwa saa. Wainue kikombe kilichomwagiliwa leo, wakiinue tena kesho, na wasiongeze maji mpaka kiwe chepesi mkononi. Watoto hulijua jambo hili kwa siku mbili tu, na hawalisahau.

Uwezekano wa pili ni kwamba ilikuwa imekufa tangu ikiwa kwenye pakiti. Mbegu za kitunguu hupoteza nguvu baada ya mwaka mmoja au miwili. Maharagwe yakihifadhiwa pakavu huenda miaka 3 na zaidi. Tarehe haisemi yote, jaribio ndilo linasema: mbegu 10 ndani ya karatasi laini iliyolowa, ikunjwe, iwekwe kwenye mfuko wa plastiki ulioachwa wazi kidogo, mahali penye joto. Siku ya 5 fungua uhesabu. Zikiota 9, udongo na maji ndivyo vya kulaumu. Zikiota 3, lawama ni ya mbegu. Fanya jaribio hili wiki moja kabla ya somo na utajiepusha na nusu ya yaliyoandikwa hapa.

Imechipua, lakini imekwama chini

Mkifukua mtaona shina jeupe limejikunja kama ndoano. Ndoano hiyo si kasoro. Haragwe husukuma udongo kwa mgongo ule uliopinda, huku majani machanga yakivutwa nyuma yake yasichubuke. Ikikwama, ama ilipandwa chini mno, ama juu pameganda utando mgumu kwa sababu maji yalimiminwa kutoka juu kwa nguvu. Vunja utando kwa ncha ya kijiti, nyunyiza maji kama umande. Kina kinachofaa ni mara 2 hadi 3 ya unene wa mbegu; haragwe sentimita 3, nyanya chini ya 1.

Watauliza kama waliipanda kichwa chini. Haidhuru. Kwenye ncha ya mzizi kuna seli zenye chembe za wanga ambazo huzama upande wa chini, na mzizi hujua njia kwa hizo. Laza haragwe lililochipua ubavu ndani ya chupa ya kioo, na kesho asubuhi ncha itakuwa imeinama kuelekea chini.

Haipo kabisa

Sisimizi, panya, au mwenye kikombe. Mara nyingi mwenye kikombe, aliyekuwa akiifukua kila siku kuitazama. Simkaripii. Naweka chupa moja ya kioo katikati ya darasa yenye mbegu zilizobanwa kati ya karatasi na kioo, kila mtu aangalie humo badala ya kuchimba.

Manyoya meupe kwenye pamba

Nakuomba usitupe kitu mpaka usome aya hii. Mwaka mmoja niliwaambia watoto watupe figili zote tulizootesha kwenye pamba yenye unyevu badala ya udongo, kwa sababu zimeota ukungu. Msichana mmoja aliweka yake nyuma ya pazia badala ya kuitupa. Siku 2 baadaye ilikuwa na majani mawili ya kijani yenye umbo la moyo, na ule "ukungu" ulikuwa bado umeizunguka shingo ya mzizi. Zilikuwa ni nywele za mzizi, zile zinazonyonya maji na madini, na mimi mwalimu nilikuwa nimeamuru darasa zima liziue.

Kuzitofautisha ni rahisi ukisogea karibu. Nywele za mzizi zimesimama wima, zina urefu karibu sawa kama brashi, ziko nyuma kidogo tu ya ncha ya mzizi, na hazipandi kwenye ganda la mbegu. Nyunyizia maji: zinalala na kana kwamba zinatoweka, kisha zinaonekana tena pakipungua unyevu. Ukungu hutambaa ovyo kama utando wa buibui, hufunika ganda na pamba yenyewe, hubaki ukinyunyiziwa, na baada ya siku chache hutoa vidoa vya kijivu au vyeusi na harufu ya kabati bovu.

Ukiwa ni ukungu kweli, pamba ina maji mengi mno au mbegu zilikuwa na uchafu. Pamba ikibonyezwa kwa kidole isitoe dimbwi. Mimi nimeacha pamba kabisa: nazungushia karatasi nene ya kunyonya maji ndani ya chupa ya kioo, mbegu katikati ya chupa na karatasi, maji sentimita 1 tu chini. Karatasi inapandisha maji yenyewe na mbegu haigusi dimbwi. Kwa mbegu zenye mashaka, mwalimu, si mtoto, anaweza kuziosha kwa sehemu 1 ya klorini ya kufulia katika sehemu 9 za maji kwa dakika 10, kisha kuzisuuza mara kadhaa. Chombo chenye ukungu kifungwe kwenye mfuko. Kisipitishwe puani mwa watoto wenye pumu.

Jana ilisimama, leo imelala

Angalia shina mahali linapoingia udongoni. Likiwa jembamba kama uzi, limelowa na kuwa la kahawia, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Unaletwa na vimelea kama Pythium na Rhizoctonia, vinavyoishi kwenye udongo wenye unyevu mwingi usio na hewa. Mche ulioanguka hauponi. Uondoe pamoja na udongo wake, acha uso wa vikombe vingine ukauke, vitenganishe hewa ipite, na mwagilia kutoka chini. Msiutumie tena udongo huo kwa miche.

Likiwa shina ni imara na majani tu ndiyo yamelegea, fukua kidogo. Udongo mkavu unamaanisha kiu, na ukiumwagilia mche asubuhi, mchana utauona umeinuka. Udongo uliolowa unamaanisha mizizi imeoza, na maji zaidi yatamaliza kazi. Watoto wanashangaa kwamba dalili moja ina sababu mbili zinazopingana. Waache washangae, halafu waguse udongo.

Mirefu, myembamba, imepauka

Mche unatafuta mwanga. Darasani penye mwanga wa kutosha kusomea, mmea bado unaweza kuwa gizani, kwa sababu jicho letu hujirekebisha na jani haliwezi. Mita 2 kutoka dirishani ni mbali mno. Sogeza vikombe mpaka kwenye kizingiti, vigeuze robo mzunguko kila siku. Kama mnatumia taa, iwe sentimita 10 hadi 15 juu ya majani, iwashwe saa 14 hivi kwa siku, na mkononi isikuunguze.

Miche ikiegemea upande mmoja tu, usiinyooshe kwanza. Mnamo 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza jinsi walivyofunika ncha za miche ya nyasi kwa vikofia visivyopitisha mwanga, na miche ile haikuinama. Ncha ndiyo inayohisi mwanga, ilhali shina hupinda chini yake. Darasa lenye mbegu za mahindi au ngano na karatasi ya alumini linaweza kujaribu vivyo hivyo.

Sasa tatizo ninalolijali kuliko yote, kwa sababu halionekani kama tatizo. Mmeweka kikombe kimoja dirishani, kingine kabatini. Siku ya 10 mnapima kwa rula. Wa kabatini una sentimita 19, wa dirishani una 11. Mtoto anaandika kwa mwandiko safi: "Mimea hukua vizuri zaidi gizani." Rula haikudanganya. Mnapima urefu na kuuita ukuaji. Mche wa gizani umeyatumia maghala yote ya mbegu kurefusha shina, ukikimbilia mwanga kabla akiba haijakwisha. Haukutengeneza chakula chochote. Ipimeni upya: hesabuni majani, pimeni unene wa shina, andikeni rangi. Kisha, mkiweza, ng'oeni yote miwili, osheni mizizi, ikausheni kabisa mahali penye joto, muipime kwa mizani inayosoma sehemu za gramu. Wa gizani utakuwa mwepesi kuliko hata mbegu kavu ulikotoka. Hiyo safu ya pili ya namba ikiingia kwenye daftari kando ya ile ya kwanza, mtoto mwenyewe atafuta sentensi yake, nawe hutahitaji kusema neno.

Dosari ndogo zinazotisha bure

Mche umevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia: ulipandwa juu mno au hewa ni kavu. Lowesha ganda kwa tone la maji, ngoja hadi jioni. Ukilivuta likiwa kavu utang'oa na majani.

Haragwe limetoka bila majani, kijiti chenye vishina viwili butu: ncha ya ukuaji ilivunjika mbegu ikiwa bado kavu, kwa kupigwa au kuangushwa. Halitapona.

Yale maghala mawili manene ya haragwe, yaani nusu mbili za mbegu zenye akiba ya chakula, yananyauka na kudondoka baada ya wiki 2 hivi. Ni sawa. Yamemaliza kazi.

Majani ya chini yanageuka manjano huku ya juu yakiwa kijani: mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni, hasa kwa miche iliyoachwa kwenye pamba. Pamba haina chakula. Hamishia kwenye udongo wenye mboji majani halisi ya kwanza yakifunguka. Lakini gusa udongo kabla ya kutia mbolea, maana maji mengi nayo huleta manjano, na mbolea iliyozidi huunguza kingo za majani.

Vijiinzi vidogo vyeusi vinaruka juu ya vikombe: funza wao wanaishi kwenye udongo wa juu ulio na unyevu. Acha sentimita 2 za juu zikauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine.

Mimea ni mizima, jaribio ndilo gonjwa

Mbegu moja kwa kila mtoto ni kosa ninaloliona kila mahali. Hata mbegu nzuri, ambazo 8 kati ya 10 huota, zitaacha vikombe 6 kati ya 30 vikiwa vitupu bila kosa la mtu. Pandeni 3 kwa kila kikombe, na kwa wastani ni vikombe 8 tu kati ya 1,000 vitakavyokosa kabisa. Zikiota zote, kateni mbili kwa mkasi. Msizing'oe, mizizi imeshikana.

Vikundi vikileta matokeo yanayopingana, tafuta kilichobadilika bila kutajwa. Kikombe cha "bila maji" kilikuwa juani na cha "maji mengi" kivulini. Mmoja alipima kutoka udongoni, mwingine kutoka ukingo wa kikombe. Chorea mstari kwenye kijiti kilichochomekwa udongoni, wote waanzie hapo. Na kama mmea wa kikombe cha kulinganishia, kile ambacho hamkukibadilishia chochote, umekufa, huwezi kusema lolote juu ya vingine, kwa hiyo viwe 3 na si 1.

Ijumaa jioni ni adui. Kamba ya pamba, ncha moja kwenye chupa ya maji na nyingine imezikwa sentimita 3 udongoni, hunywesha kikombe mpaka Jumatatu. Ijaribu katikati ya wiki kwanza, wakati bado upo kuiona.

Zikibaki siku 5 tu

Kuna wakati kila kitu kimeoza na maonyesho ni wiki hii. Loweka maharagwe leo jioni, kesho yafunge kwenye karatasi yenye unyevu, nusu mahali penye joto, nusu mahali pa baridi. Siku ya 4 pimeni urefu wa mizizi kwa milimita. Ni jaribio kamili, na udongo hauhitajiki. Maharagwe hayo yasiliwe mabichi, yana sumu isiyoisha mpaka yachemshwe sawasawa.

Vile vikombe 8 visitupwe. Gundisheni kila mbegu iliyofukuliwa kwenye kadibodi, iliyooza iwe ndani ya kifuko cha plastiki kilichozibwa. Chini ya kila moja mwenyewe aandike alichokiona na anachodhani kilisababisha: kavu, imevimba, imeoza, imekwama, haipo. Kadibodi hiyo isimame mezani katikati ya mimea ya kijani, si nyuma yake.